Kapu la Maswali Nyumbani kwa Dessalew

Kwa miaka kumi na tisa Dessalew alikuwa mtunza maktaba wa shule ya sekondari, na katika muda huo wote hakuwahi kumwogopa mwanafunzi yeyote, mpaka mwanafunzi huyo alipokuwa binti yake.

Mji wao ni mdogo, umejibanza kando ya barabara iendayo Bahir Dar. Mwaka uliotangulia, wanafunzi mia moja na themanini wa darasa la kumi na mbili walipakiwa kwenye mabasi, wakapelekwa kufanyia mtihani wa taifa ndani ya chuo kikuu, kama ilivyo siku hizi. Matokeo yalipokuja, hakufaulu hata mmoja. Mkuu wa shule aliibandika orodha ukutani asubuhi, akaibandua kabla ya adhuhuri. Alama za gundi zilibaki, na kila siku Dessalew alizipita akienda kufungua maktaba, jicho lake likitazama kwingine, kama mtu apitaye karibu na kaburi asilojua ni la nani.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Yitayish, kitindamimba wake. Alihitaji alama mia tatu kati ya mia sita. Akizipata, chuo kikuu kingemchukua. Akizikosa, kulikuwa na fomu. Fomu hiyo, ya kuomba kazi za ndani Uarabuni, ililala kwenye rafu, chini ya dele la kahawa, tangu sikukuu ya Pasaka. Aliyeileta ni Zenebech, dada wa mkewe, ambaye aliwahi kufanya kazi za ndani Beirut kwa miaka saba, akarudi na bati la kuezekea nyumba ya mama yake na kovu la pasi lililopanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kovu hilo alisema ni ajali. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

"Karatasi haili chakula chenu," alisema siku alipoileta. "Ikae tu. Mtoto akifaulu tutawasha nayo moto wa kahawa."

Dessalew hakuigusa. Lakini kila dele lilipoinuliwa, aliiona.

Zilikuwa zimebaki siku arobaini alipojua kwamba binti yake hajui kitu. Alikuwa amemwona kwa miezi mingi akisoma maktabani, kwenye meza ya dirishani, na alikuwa akijivunia bidii yake. Yitayish alikuwa na kalamu tatu za rangi ya manjano. Alipiga mstari wa manjano chini ya neno muhimu, kisha chini ya sentensi muhimu, na kwa kuwa kila sentensi aliiona muhimu, kurasa zake zikawa kama shamba la nugi, ule mmea wa mafuta, unapochanua manjano. Alisoma sura, akairudia, akairudia tena. Alasiri moja ya mwezi wa Ginbot, kabla ya mvua kubwa, alifunga kitabu akitabasamu, akamwambia baba yake kuwa Biolojia ameimaliza kwa mara ya tatu.

Dessalew alikichukua kitabu, akakishika kikiwa kimefungwa, akamuuliza swali jepesi tu, kwa utani: damu itokayo moyoni kwenda mapafuni, hupita katika mshipa gani?

Binti alifungua kinywa. Alitazama kitabu mikononi mwa baba yake kana kwamba jibu lingeweza kupenya kwenye jalada. "Naliona, baba," alisema. "Liko ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro. Naliona lilivyokaa." Lakini jibu halikutoka.

Ukimya ule Dessalew aliufahamu. Yeye na ukimya huo walikuwa wakijuana kwa miaka arobaini.

Alipokuwa na miaka tisa aliondoka kwao kwenda shule ya kanisa, na ngozi ya kondoo mabegani na kibuyu kiunoni, akilala katika kibanda cha nyasi na kuombaomba chakula mlango kwa mlango huku mbwa wakimkimbiza, kama wafanyavyo wanafunzi wote wa kanisa. Mwalimu wao, ambaye walimwita Yeneta kama waitwavyo walimu wa namna hiyo, alikuwa kipofu. Alifundisha zaburi kwa sauti, na wao walizimeza kwa sauti, mdundo kwa mdundo. Dessalew alizijua nyingi kuliko wenzake. Siku ya kupimwa, Yeneta hakumwambia aanze mwanzo. Alimpa maneno mawili kutoka katikati ya zaburi, akasema, "Endelea." Mtoto akatafuta ndani ya kichwa chake, asikute kitu. Angepewa mstari wa kwanza, zaburi yote ingetiririka. Katikati hakukuwa na mlango. Yeneta hakumpiga. Aliweka kidevu juu ya fimbo yake, akangoja. Wenzake wakakohoa. Akangoja bado. Hapo mtoto alinyanyuka, akatoka, akatembea siku mbili hadi kwa mama yake, na hakurudi tena. Tangu hapo aliamini kuwa kichwa chake ni kibuyu chenye tundu chini, na hakumsimulia mtu yeyote, hata mkewe Enanu.

Basi alipouona ukimya uleule usoni mwa binti yake, alifanya kile hofu ifanyacho kwa wazazi wengi: alishika usukani kabla ya kuijua njia.

Alimnyang'anya zile kalamu za manjano. Akamwambia kuwa kusoma kwa macho ni kujidanganya. Kinachobaki ni kile kitokacho kinywani kitabu kikiwa kimefungwa. Katika hilo hakukosea. Kila alfajiri, baada ya kengele ya kanisa, Yitayish alisoma ukurasa, akaufunga, akaukariri kwa sauti. Na kabla ya ukurasa wa leo aliukariri wa jana, na wa juzi. Dessalew alimpa mdundo bila hata kukusudia, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kukariri. Baada ya wiki mbili binti aliweza kuimba sura nzima ya Kemia kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Majirani walisikia. Mmoja wao, mshona viatu, alimsimamisha njiani akamuuliza, akimwita kwa neno la heshima kwa mwanamume mkubwa, "Gashe Dessalew, hiyo Kemia yenu inasaliwa na mashemasi wangapi? Tuje na sisi tupate baraka." Dessalew alicheka, na kwa siku chache alilala vizuri.

Kisha mwalimu wa Kemia, Abraraw, akawapa mtihani wa majaribio. Yitayish alipata thelathini na moja kwa mia. Rafiki yake Mastewal, binti wa mshona viatu, ambaye alisoma kwa kalamu za manjano tu, alipata arobaini.

Abraraw alimletea Dessalew karatasi ile maktabani, si kwa kumlaumu, bali kwa mshangao. Maswali yalikuwa yamechanganywa, kama yatakavyokuwa kwenye mtihani wenyewe. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogondogo za penseli, Yitayish alikuwa ameandika mwanzo wa sura. Kila swali alilianzia mbali, neno la kwanza, neno la pili, akikimbia kuelekea mahali jibu lilipo. Mara chache alifika. Mara nyingi muda ulimkamata njiani. Maswali ishirini ya mwisho hakuyagusa.

"Anajua," alisema Abraraw. "Ila ni kama mtu ambaye hawezi kuingia nyumbani kwake mpaka aanze safari kutoka kwa babu yake."

Abraraw alipokwisha kuondoka, Dessalew alibaki ameishika ile karatasi. Mvua ya alasiri ilipiga bati. Alikuwa amempa binti yake urithi mmoja tu ambao hakutaka kumpa mtu, na alikuwa amempa kwa juhudi, kila alfajiri, kwa upendo. Zilibaki siku ishirini na mbili. Aliwaza kwamba huenda mtoto angekuwa salama zaidi bila baba amsaidiaye. Aliwaza kumrudishia kalamu zake. Halafu aliwaza juu ya Yeneta, na kwa mara ya kwanza hakumwona kama mtego. Kipofu yule hakuwa akimwaibisha mtoto. Alikuwa akigonga ukuta katikati ili asikie kama ndani kuna chumba. Hakuwa na hakika kama fikra hiyo ni ya kweli au ni faraja aliyojitungia. Lakini hakuwa na nyingine.

Katika droo ya chini ya maktaba kulikuwa na kadi za vitabu vilivyopotea, mia kadhaa, kila moja na jina la kitabu na la mwanafunzi ambaye hakukirudisha. Nyuma zilikuwa tupu. Alizibeba zote nyumbani. Yeye na Yitayish walikaa siku mbili wakiandika, swali moja nyuma ya kila kadi: moja la mapafu, moja la asidi, moja la mwendo wa jiwe lililorushwa juu, moja la mito. Hawakuzipanga. Walizimwaga ndani ya kapu bapa ambalo Enanu hulitumia kwa shayiri ya kukaanga.

Muda wa maswali ukawa muda wa kahawa, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na saa nyingine ambayo watu wote hukaa chini. Enanu alichoma kahawa, ubani ukafuka, na vikombe vitatu vikapita kwa zamu yake, cha kwanza kizito, cha pili chepesi, cha tatu cha baraka. Zenebech, ambaye hakukosa kahawa ya dada yake hata siku moja, ndiye aliyechota kadi na kumpa Dessalew aisome, kwa sababu hakujua kusoma zaidi ya jina lake na hakuweza kupendelea. Kadi iliyojibiwa ilikwenda kwenye mfuko wa koti la Dessalew, isirudi ila baada ya siku tatu. Iliyoshindikana, Yitayish alifungua kitabu, akasoma mahali hapo tu, akafunga, akamweleza mama yake. Na kadi hiyo ilirudi kapuni kungoja kikombe kifuatacho.

Enanu hakupita hata mlango wa darasa la kwanza, na alikuwa mtahini mkali kuliko wote.

"Umesema maneno," alimwambia binti yake alipokuwa akimweleza juu ya mmumunyo. "Mimi sitaki maneno. Chumvi nikiitia kwenye mchuzi wa shiro, inakwenda wapi?"

"Inayeyuka, mama."

"Naona inayeyuka. Nauliza inakwenda wapi. Imekufa?"

Yitayish alifikiri, akaeleza tena, polepole, kwa vijiko na sufuria. Enanu alikubali mara ya tatu tu.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Kati ya kadi ishirini alijibu nne, kisha tano, kisha tatu. Baada ya kila swali ukimya ulikaa katikati yao kama mgeni asiyeaga, na Dessalew, aliyekuwa ameweka sheria kwamba watangoja, ndiye ambaye kungoja kulimuumiza zaidi. Kuna mara alijibu mwenyewe ili tu ukimya uishe. Siku ya nne Yitayish alilisukuma kapu hadi kadi zikamwagika juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni kwa ajili ya kahawa.

"Nilikuwa najua, baba," alisema, bila kupaza sauti. "Kabla hujaanza kunisaidia nilikuwa najua."

Akatoka. Enanu aliokota kadi moja moja. Dessalew alihofia kuwa ni kweli. Na macho yake, kwa mazoea yao, yalikwenda kwenye rafu. Zenebech aliyaona yalikokwenda.

"Shemeji," alisema akipuliza makaa, "mwezi wa kwanza kule, mama mwenye nyumba alikuwa ananiuliza kitu kwa Kiarabu. Jibu nalijua. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mdomo haufunguki. Anadhani mimi ni jiwe." Alivuta mkono wa gauni juu ya kovu. "Ulifunguka mwezi wa tatu."

"Sisi hatuna miezi mitatu."

"Basi tunywe kahawa mara mbili kwa siku. Kwani nani amekufa kwa kahawa?"

Wakanywa mara mbili. Yitayish alirudi bila kuomba radhi, na baba yake hakuitaka. Wiki ya pili alijibu tisa, kisha kumi na mbili, akashuka hadi saba, akapanda tena. Kadi zilizokuwa zimelala siku tatu mfukoni zilirudi, na baadhi zilikuwa zimesahaulika kabisa, jambo lililomtia Dessalew kiwewe. Lakini aligundua kwamba zilizosahaulika mara moja na kukumbukwa upya hazikupotea tena kwa urahisi. Hazikuhitaji mdundo. Mito ilikuja baada ya asidi, asidi baada ya jiwe, na kila moja ilikuwa na mlango wake.

Mastewal alikuja mara mbili. Alikaa karibu na Yitayish, akanywa vikombe vitatu kwa adabu, akajibu kadi mbili kati ya kumi. Mara ya pili, wakati wa kuaga, alimwambia Dessalew kwa tabasamu la aibu, "Gashe, kapu lako linanitisha. Nikitoka hapa najiona sijui kitu. Kitabu changu angalau kinanipa moyo." Dessalew alitaka kumwambia kuwa moyo ule ni wa uongo, kwamba kinachotisha sasa ndicho kitakachopunguza kutisha baadaye. Hakumwambia. Alikwisha kumharibu mtoto mmoja na kumtengeneza nusu. Hakuthubutu kushika wa pili. Alimwitikia tu, akamwacha aende.

Siku ya mabasi ilinyesha tangu asubuhi. Wanafunzi walipekuliwa mmoja mmoja, simu zikabaki kwa wazazi, wao wakapanda na blanketi na vifurushi vya mikate mikavu. Wazazi walisimama matopeni. Yitayish alikuwa na uso wa kijivu. Alirudi kutoka kwenye foleni, akamshika baba yake koti, mahali palepale kadi zilipokuwa zikikaa.

"Nikinyamaza je?"

"Utanyamaza," alisema Dessalew. "Ruka hilo, nenda kwenye lingine, halafu lirudie. Ila usinyanyuke ukatoka."

"Nani anayenyanyuka?"

"Mimi nilinyanyuka."

Binti alimtazama, akingoja aendelee, lakini jina lake likaitwa na mlango wa basi ukafungwa. Dessalew alirudi nyumbani, akahesabu kadi ambazo Yitayish alishindwa jana yake. Zilikuwa kumi na moja. Alizisoma siku zote ambazo binti yake hakuwepo, kana kwamba akizijua yeye, zingemfikia.

Yitayish aliporejea alisema mambo machache. Kwenye Fizikia alinyamaza, alisema, muda mrefu, mpaka akasikia kalamu za wengine. Alitazama mlango. Kisha akaruka swali.

Mvua zote za miezi ya Hamle na Nehase zilipita. Maua ya manjano ya mwaka mpya yalikwisha kuchanua mabondeni matokeo yalipokuja kwenye simu ya Abraraw, na safari hii mkuu wa shule hakubandika kitu, watu waliambiana. Watahiniwa mia moja na sitini, waliofaulu watano. Yitayish alipata mia tatu na saba.

Enanu alipiga vigelegele hadi sauti ikakatika. Dessalew alikaa chini, akapiga hesabu. Alama saba. Kadi mbili tatu, basi, kati ya zote zile. Hakujisikia kama mtu aliyeshinda, bali kama aliyevuka mto kwenye gogo na sasa anageuka kutazama upana wa maji. Hata leo hawezi kusema kwa hakika ni nini kilichomvusha mtoto: kapu, au kahawa, au chumvi ya mama yake, au bahati tu. Zenebech aliinua dele, akaitoa fomu, akaikung'uta vumbi la makaa.

"Haya," alisema, "niliahidi moto."

Kabla hajainama, Mastewal aliingia. Alimkumbatia rafiki yake kwa muda mrefu, akampongeza Enanu, akambusu Dessalew begani. Yeye alipata mia mbili themanini na nne. Alipokea kikombe cha kwanza, akakimaliza, na alipokirudisha aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama sakafu, "Etiye Zenebech, hiyo karatasi, kama haina mwenyewe tena…"

Zenebech alibaki na fomu mkononi, mkono wa gauni ukiwa umeteleza nyuma na kovu likionekana lote. Hakumtazama msichana. Alimtazama Dessalew.

Dessalew alikumbuka tabasamu la aibu, na jinsi alivyomwitikia tu na kumwacha aende. Alimjua baba yake, mshona viatu, ambaye naye alikuwa akiota bati la kuezekea nyumba yake. Alijua kwamba miezi kumi hadi mtihani ujao ni mirefu kwa mtu anayengoja nyumbani, na kwamba wanaorudia mtihani wengi huanguka tena. Hofu yake yote ya zamani ilimwambia anyamaze: huyu si mtoto wako. Akanyoosha mkono, akalivuta kapu kutoka chini ya rafu, likiwa bado na kadi zake.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kahawa bado ni ya kwanza."

Zenebech aliikunja fomu mara nne, akaiweka sakafuni, akaikalia. Kisha, bila kuambiwa, akatia mkono kapuni, akachota kadi kutoka katikati, akampa shemeji yake. Dessalew aliisoma. Lilikuwa swali la mshipa uendao mapafuni.

Mastewal alifungua kinywa, akakifunga. Mikono yake ilishika ukingo wa kigoda. Nje watoto walipita wakiuza maua ya mwaka mpya, sauti zao zikakaribia, zikapungua. Enanu alimimina kikombe cha pili, akamwekea mbele. Dessalew hakumsaidia. Aliweka kidevu juu ya ngumi yake, akangoja, macho yake yakiwa kwenye miguu ya msichana.

Kikombe kilipoa. Mastewal alikuwa bado hajajibu. Hakuwa amenyanyuka pia.